"Yeye hapendi watu": nani kasema?

Hapa Bukavu, kijana mwenye usonji (autism) akijitenga kwenye sherehe, utasikia: "Mwacheni, yeye hapendi watu."

Wengi wa vijana hawa wanataka marafiki. Kinachowachosha ni kelele, msukumano na maneno ya mafumbo. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi tunashindwa kuwasoma. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh uliotoka 2020 ulimuunga mkono. Hadithi ilipopokezanwa kati ya watu wenye usonji peke yao, ilifika vizuri sawa na kati ya wasio na usonji; kundi lilipochanganywa, mengi yalipotea njiani.

Basi usimburute hadi soko la Kadutu ukisema unamzoesha watu. Tafuta wawili watatu wanaopenda anachopenda. Vijana wawili wanaweza kukaa saa nzima kando ya ziwa wakihesabu boti za Goma, bila kutazamana usoni, na huo ni urafiki kamili.

Na mama zao? Nao hujificha, wakiogopa macho ya majirani. Likelemba, ule mchango wa fedha wa zamu, wanaijua tayari, kwa hiyo mtindo wa kukutana upo: siku ya zamu, nyumba ya mmoja, chai, chumba cha pili chenye utulivu, mlango wazi kwa anayetaka kutoka. Waiteni na akina baba. Hao huchelewa sana kuja.