"Mmeona nini?": dhana potofu kuhusu kufunza wasaidizi wa afya ya akili

"Bila digrii ya saikolojia utamharibu mtu."

Maneno haya mimi huyasikia katika kila darasa jipya ninalofunza, tena kutoka kwa wahudumu wa afya ya jamii wenyewe. Mama amezunguka nyumba za mtaa wa Kayole, Nairobi, miaka kumi akipima presha, lakini mtu akimwambia ana mawazo mengi, anajiona hana ruhusa ya kusikiliza.

Jambo hili limeshapimwa hapa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake 421 wa viungani mwa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliopata vikao 5 vya mpango wa Shirika la Afya Duniani, vikiongozwa na wahudumu wa jamii waliofunzwa, walipata nafuu ya msongo kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Kule Harare, mradi wa daktari Dixon Chibanda umewaketisha akina nyanya kwenye benchi na wenye dhiki tangu 2006.

"Basi waketi wamtazame mtaalamu, watajua."

Hapa ndipo pesa nyingi za mafunzo hupotelea. Mwanasaikolojia Albert Bandura, yule aliyeonyesha mwaka 1961 jinsi watoto wanavyomwiga mtu mzima anayepiga mwanasesere, alieleza baadaye kwamba kujifunza kwa kutazama kunadai mambo manne: kuzingatia, kukumbuka, kuweza kutenda na kuwa na sababu ya kutenda. Darasani kwetu hata lile la kwanza, kuzingatia, huwa kazi.

Siku moja tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, mvua ikipiga bati. Katika igizo, "mgonjwa" alisema, "Sina shida, ni kichwa tu." Mwelekezi, yaani yule anayewaonyesha wanafunzi jinsi kikao kinavyoongozwa, akanyamaza. Sekunde tano, sita. Kisha akauliza kwa upole, "Kichwa kikianza kuuma, huwa uko wapi?" Mambo ya mume yakaanza kutoka.

Nikauliza darasa: mmeona nini? Wote wakanisimulia mume. Ule ukimya hakuna aliyeuona. Walikuwa wametazama kama watu wanavyotazama sinema.

Tukarudia igizo lile lile, safari hii kila benchi na kazi yake: hawa waangalie mikono na macho, wale waandike maswali neno kwa neno, wa nyuma wahesabu sekunde za ukimya. Kisha wakajaribu wenyewe wawili wawili, kabla hata chai haijamiminwa. Wa kwanza kujaribu hakumaliza dakika: "Pole mama, Mungu atafanya njia." Ni maneno mazuri, nami huyasema matangani. Ila aliyeambiwa hivyo hana la kuongeza tena.

"Mwelekezi asikosee mbele ya wanafunzi."

Mimi huwaomba wakosee makusudi. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Donald Meichenbaum alionyesha kwamba watu wanaoogopa nyoka walisaidika zaidi kwa kumtazama mtu aliyeanza na woga kisha akaumudu, kuliko aliyemshika nyoka bila wasiwasi. Kwa hiyo mwelekezi wetu husema, "Mwache tu huyo bwana," halafu anajishika: "Samahani, nimekimbilia ushauri. Turudi kidogo pale uliposema hulali." Sentensi hiyo ndiyo wanayoondoka nayo.

"Lazima wakae ndani ya kikao cha mgonjwa halisi."

Si lazima, na bila ridhaa yake ni marufuku. Igizo linatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

"Ukimuuliza mtu kuhusu kujiua, unampa wazo."

Tafiti hazionyeshi hivyo. Lakini woga wa wahudumu una historia: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakiuka Katiba. Wengi walizoea kulizunguka swali. Ndiyo maana lazima wamsikie mwelekezi akiliuliza waziwazi, "Umewahi kufikiria kujiua?", kwa sauti ile ile aliyoulizia usingizi. Na wamwone anachofanya jibu likiwa ndiyo: hamwachi mtu peke yake, anampigia msimamizi wake, anamsindikiza kituoni, na ikibidi safari inafika Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili jijini Nairobi.

Katika darasa letu la mwisho mhudumu mmoja alilirudia swali hilo mara tatu kabla sauti haijaacha kumtetemeka.