Siku Moja ya Michezo Haimfunzi Kijana Kubeba Shanta

Simu huanza vilevile kila mara. "Vijana wetu wanakwenda kutembea porini siku tano, tunaomba utufanyie siku moja ya michezo ili wawe timu." Namuuliza mlezi kama wamewahi kulala hema moja, kupika pamoja, au hata kupima uzito wa mizigo yao. Hapana, lakini wanajuana vizuri. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Dhana: Siku moja ya michezo inatosha kujenga timu.

Kuvuta kamba, kufumua fundo la mikono, kuvuka "mto" kwa vipande vya mbao: yote ni mazuri, na mimi mwenyewe huyatumia. Lakini uwanjani vijana wameshiba, wamelala vizuri, na jioni wanarudi nyumbani. Porini ugomvi huanza jioni mvua ikinyesha, hema limepungukiwa vigingi viwili, kiberiti hakijulikani kiko kwenye shanta la nani, na wawili kati ya sita wamekaa wakiwatazama wenzao wakihangaika. Mchezo wa kamba haumfundishi mtu kusema, "Vigingi nilisahau mimi."

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Mmarekani Bruce Tuckman, baada ya kupitia tafiti nyingi za vikundi vidogo, alieleza hatua ambazo vikundi hupitia: watu hukutana, hugongana, huafikiana taratibu, ndipo hufanya kazi vizuri. Siku ya michezo huishia hatua ya kwanza, ile ya adabu na vicheko. Ya pili mmeiahirisha tu, nayo itawakuta siku ya pili ya safari, mbali na barabara. Mimi nataka wagongane mapema, mahali gari linapofika.

Kwa hiyo ninachowaomba walezi, na wengi hukiona ni usumbufu, ni usiku mmoja wa majaribio, wiki tatu hivi kabla ya safari. Waende na viatu vilevile, mahema yaleyale, majiko yaleyale na vikundi vilevile vitakavyolala pamoja. Kila shanta lipimwe kwenye mizani. Mimi husimamia kwenye sehemu ya tano ya uzito wa mbebaji: kijana wa kilo 50 abebe kama kilo 10, na lita moja ya maji peke yake ni kilo nzima. Watembee saa kadhaa, wasimike hema gizani, wapike, waoshe sufuria. Kiongozi akae pembeni, aingilie kati pale tu usalama unapohusika. Kwenye moto wa jiko haingojwi kosa ili watu wajifunze.

Asubuhi wakae duara dakika 20. Nani alifanya kazi ambayo hakuna aliyeiona? Chakula kilichelewa kwa sababu gani? Nini kibadilike? Vijana ndio wajibu, na mlezi asigeuze kikao kuwa hotuba. Ukikosa kikao hiki, majaribio yote yamekuwa matembezi tu. Wiki tatu nazo zina sababu: aliyetoka malengelenge anapata muda wa kupona na kubadilisha viatu, na waliogombana wanapata muda wa kuzungumza.

Dhana: Wenye nguvu watangulie, wengine watafuata.

Hii inaniuma kwa ajili ya yule wa nyuma. Wenye kasi hufika, hukaa, hunywa maji. Yeye akifika tu, wao wanasimama kuondoka. Aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Mwendo upangwe kwa mwendo wake, awe karibu na mbele, na sufuria au hema alilobeba vihamie kwa wenye nguvu kabla hajaanza kuyumba. Vijana wazoeshwe kugawana mizigo kama hesabu ya kikundi, pasiwe na aibu kwa anayepunguziwa.

Ratiba nayo iendane na hilo. Kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 huhesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mita 600 za mlima ni saa tatu, bila mapumziko, kwa mtu mzima aliye imara. Kwa kundi la vijana wenye mizigo mimi huongeza angalau nusu ya muda huo.

Dhana: Kujiangusha kinyumenyume mikononi mwa wenzako hujenga uaminifu.

Huvunja mikono pia. Sifanyi. Kijana humwamini mwenzake aliyemchotea maji bila kuombwa.

Dhana: Kijana jasiri halalamiki.

Ngozi ya kisigino ikianza kuungua, plasta ya dakika mbili inatosha. Akinyamaza hadi jioni ili asionekane dhaifu, kesho kundi zima litatembea kwa mwendo wa lengelenge lake. Katika majaribio mimi husimamisha kundi baada ya nusu saa ya kwanza, kila mtu ataje kitu kimoja kinachomsumbua mwilini, nikianza mimi.

Dhana: Mambo ya choo watayajua wakifika.

Hawayajui, na wanaona haya kuuliza. Wapo wanaojinyima maji ili wasilazimike kwenda, kisha mchana wanaumwa kichwa. Semeni waziwazi kabla ya safari: shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi, kisha lifukiwe. Wasichana waelezwe watakavyobeba na kurudisha pedi zilizotumika. Koleo dogo, karatasi na sabuni vikae mfuko wa nje wa shanta moja linalojulikana na wote, ili anayevihitaji avichukue bila kumwomba mtu.