Je, Wajua? Kwa Nini Mabawa ya Tiger Moth Yalilazwa Nyuma

Ukiitazama kutoka juu Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, utaona kwamba ncha za mabawa yake zimelala nyuma kidogo. Si kwa ajili ya kasi, maana hata ikikazana ilifikia kama kilomita 175 tu kwa saa. Sababu ni parachuti.

Tangu 1925 kampuni ya de Havilland ilikuwa ikiuza ndege ndogo ya kiraia iitwayo Moth, yaani nondo (mdudu, si chuma cha ujenzi), kwa kuwa mwanzilishi wake, Geoffrey de Havilland, alipenda sana wadudu hao. Ilipotakiwa kuwa ndege ya kufundishia marubani wa jeshi, tatizo lilikuwa kiti cha mbele, anapoketi mkufunzi. Tangi la mafuta lilikaa katikati ya bawa la juu, karibu na utosi wake, na nguzo za kulishikilia zilimzunguka. Akiwa na koti zito na parachuti aliyoikalia kama mto, angechomokea wapi ndege ikianza kuanguka?

Wahandisi wakalisogeza bawa la juu mbele, pamoja na tangi lake. Hapo likazuka jambo jingine: nguvu ya kuinua nayo ilisogea mbele ya kitovu cha uzito, na ndege iliyo hivyo hunyanyua pua na kukataa kutulia. Dawa ikawa kulaza ncha nyuma, ili katikati ya bawa ibaki mbele ya mkufunzi huku nguvu ya kuinua ikirudi karibu na mahali pake. Bawa la chini lilipolazwa pia, ncha zake zilikaribia mno ardhi, kwa sababu ndege hii ikiwa chini hukalia mkia, ikabidi zipandishwe.

Injini, iliyokuwa na nguvu farasi 120 na baadaye 130, ilifungwa kichwa chini, silinda zikining'inia, ili pua isimzibe rubani.

Mwanafunzi aliketi nyuma, akisikia maelekezo kupitia bomba la kusemea. Siku ya kuruka peke yake hakuhamia mbele: kiti cha mkufunzi kilikuwa karibu na kitovu cha uzito, kwa hiyo kikiwa kitupu ndege haikupoteza mizani.