Kisima Kipya si Maji Mapya

Swali ninaloulizwa sana na wenye nyumba wa Dodoma wakishasoma karatasi ya maabara ni hili: "Sasa bwana maji, tukiyachemsha je?" Kama kilichoonekana ni vimelea, chemsha, na yachemke kwelikweli. Kama ni naitreti, chumvi ya naitrojeni itokayo kwenye vyoo na mbolea, moto hausaidii. Tena unazidisha kidogo, maana maji yanapungua kwa mvuke na naitreti inabaki ileile ndani ya sufuria. Klorini haiiondoi, wala chujio la ndoo mbili. Huwezi kuiona wala kuinusa. Maji yanang'aa kwenye glasi, chai inatoka vizuri, na mwenye kisima anaapa kwamba chake ndicho kitamu kuliko vyote mtaani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Mwilini naitreti hugeuka naitriti, naitriti huizuia damu kubeba oksijeni ipasavyo, na mtoto anaanza kuwa na rangi ya buluu midomoni na kwenye kucha. Mtu mzima kwa kawaida hasikii chochote. Ndiyo maana kisima kibovu kinaweza kunyweka miaka mingi bila mtu kulalamika.

Kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi: kutafuta pa kuchimba, kusimamia uchimbaji, kupima, na mara nyingine kumwambia mtu, au mji, kwamba kisima hiki kifungwe. Hapo ndipo mazungumzo hupotea njia. Watu husikia "kisima kimechafuka" na papo hapo wanaanza kuzungumzia mtambo: utatoka wapi, utachimba mita ngapi, nani kashinda zabuni. Mtambo ni sehemu nyepesi ya kazi hii.

Kwanza tujue uchafu wenyewe unatoka wapi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Bomba la majitaka linafikia sehemu ndogo tu ya mji huo. Wengine wote tuna choo cha shimo, au karo nyuma ya nyumba, na kinachoingia humo kinashuka ardhini. Nipige hesabu ya mkononi. Mtu mmoja hutoa takriban kilo 4 za naitrojeni kwa mwaka, nyingi kwenye mkojo. Tuseme robo tu yake ndiyo inafika kwenye maji ya chini ikiwa naitreti. Ili robo hiyo ya mtu mmoja izimuliwe hadi miligramu 50 kwa lita, yanahitajika maji safi kama lita 88,000 kila mwaka. Weka watu watano kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20: lita 440,000. Sasa mvua inachangia nini? Dodoma inapata chini ya milimita 600 kwa mwaka na sehemu kubwa inarudi hewani. Hata tukikubali kwamba milimita 20 zinapenya hadi chini, na huo ni ukarimu kwa mwaka wa kawaida, kiwanja chote kinapata lita 8,000. Linganisha namba hizo mbili kisha niambie kama unashangaa.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1996 mwanajiolojia Hudson Nkotagu alichapisha utafiti kuhusu naitreti nyingi kwenye maji ya chini ya ardhi ya Dodoma. Alipima aina za naitrojeni iliyomo ili kujua asili yake, na jibu lilielekeza zaidi kwenye majitaka ya watu. Mji wa wakati huo ulikuwa mdogo sana ukiulinganisha na wa leo.

Kuisafisha naitreti kunawezekana. Ipo mitambo ya kuchuja kwa utando, lakini inakula umeme na inatema sehemu ya maji yakiwa na chumvi nzito, nasi huku bara hatuna bahari ya kuyamwagia. Ipo pia njia ya kuchanganya: lita moja yenye miligramu 80 na lita moja yenye 20 zinakupa 50, umegusa kikomo. Nimeona kuchanganya kukiitwa suluhisho. Kwangu ni namna ya kununua muda, na kunafaa mradi visima safi bado vipo vya kutosha. Naitreti ikianza kupanda humo nako, huna tena cha kuchanganyia.

Kwa hiyo mji unaamua kubadilisha visima. Sasa utachimba wapi?

Mwamba wa Dodoma ni graniti na jamii zake, mawe yaleyale makubwa unayoyaona yamekaa juu ya vilima kuzunguka mji. Likiwa zima, jiwe hilo halihifadhi maji. Maji yapo kwenye tabaka la juu ambako mwamba umeoza ukawa kama changarawe na udongo, na chini yake kwenye mipasuko. Kisima kizuri ni kile kilichokuta mpasuko unaoungana na mipasuko mingine. Lakini mpasuko unaoleta maji mengi ndio huohuo unaoleta uchafu haraka. Mteja akiona maji yanaruka juu kwa nguvu wakati wa kuchimba anashangilia. Mimi naanza kuwaza yanatoka kwa jirani gani.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwa kingo za mto, mita 60 zina maana. Kwa kisima kirefu, inategemea kuna nini chini. Mwendo wa maji ardhini unapatikana kwa kuzidisha upitishaji wa mwamba kwa mwinamo wa maji, kisha kugawanya kwa nafasi iliyo wazi kati ya chembe au ndani ya mipasuko. Chukua upitishaji wa mita 5 kwa siku na mwinamo wa mita 5 kwa kila kilomita. Kwenye tabaka lililooza, ambako nafasi wazi ni kama asilimia 10, maji yanatembea robo mita kwa siku, na mita 60 ni siku 240. Kwenye mwamba wenye mipasuko, ambako nafasi wazi ni nusu asilimia, yanatembea mita 5 kwa siku, na mita 60 zinaisha kwa siku 12. Hapo pampu haijawashwa. Ikiwashwa mwinamo unaongezeka na mwendo nao.

Wajerumani hupima eneo la ulinzi wa ndani kwa muda: mstari unachorwa pale ambapo maji yangechukua siku 50 kufika kisimani, kwa sababu vimelea vingi hufa ndani ya muda huo. Napenda namna hiyo ya kufikiri kuliko ya futikamba. Ila kwa naitreti hata siku 50 hazitoshi, kwa kuwa naitreti haifi. Inasafiri na maji mpaka mwisho, miezi au miaka, isipokuwa ikutane na mahali pasipo na oksijeni ambapo bakteria wataivunja. Ulinzi wake ni kuangalia eneo lote linalokilisha kisima, kule juu mvua inakopenya, na kuamua mapema nani atajenga humo na atajenga choo gani. Sheria hiyohiyo ya 2009 inaruhusu eneo la namna hiyo kutangazwa kuwa la kulindwa. Kazi ipo kwenye kulitangaza kabla viwanja havijapimwa.

Na hapa lazima nitaje Mzakwe, penye visima vikuu vya mji. Maji ya bomba ya Dodoma kwa miongo mingi yametoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, kilomita kama 30 kaskazini mwa mji. Bonde hilo lina bahati ambayo mabonde mengi ya Afrika hayana: kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo zinaonyesha jambo ambalo kila anayepanga maji ya mji huu angepaswa kulikariri. Mvua ya mwaka wa kawaida haiongezi karibu chochote. Kina kinashuka, kinashuka tena, mwaka baada ya mwaka, halafu unakuja msimu mmoja mkubwa, kama El Nino ya 1997/98, mito ya mchanga inatiririka kwa wiki nyingi, na bonde linapanda ghafla. Tunakunywa akiba ya misimu michache.

Ndiyo sababu nasema kisima kipya si maji mapya. Ukifunga kisima kilichochafuka na kuchimba kingine ndani ya bonde lilelile, umehamisha mrija tu, dafu ni lilelile. Ukichimba visima karibukaribu, kila kimoja kinashusha maji ya mwenzake. Ukivivuta zaidi ya kile bonde linachopata kwa wastani wa miaka mingi, unaanza kuyaita maji ya pembeni, yakiwemo yale yenye chumvi au yale yaliyo chini ya makazi. Kisima kilichokuwa safi kinachafuka bila mtu yeyote kuhamia karibu nacho.

Visima vilivyochimbwa miaka ya karibuni upande wa Nzuguni na Ihumwa vina faida hii: havitegemei bonde moja, na viko karibu na watumiaji wa mashariki ya mji. Naviunga mkono. Hofu yangu ni kwamba viko katikati ya mji unaojengwa, kwa hiyo hesabu ile ya kiwanja cha 20 kwa 20 inavihusu moja kwa moja. Kaskazini nako hakuko mbali tena. Uwanja wa ndege wa Msalato uko njiani kuelekea Makutupora, barabara ya mzunguko ya kilomita 112 inapita Veyula, na palipo na lami kuna dalali. Pia kuna mashamba ya zabibu, na mbolea ya chumvichumvi ikizidi mahitaji ya mzabibu, naitreti yake inashuka kama ile ya choo.

Nikizungumza hivi kuna wanaonijibu kwamba yote yataisha bwawa la Farkwa likijengwa kwenye mto Bubu, au maji ya Ziwa Victoria yakifika. Natamani yote mawili. Lakini maji ya bwawa yanahitaji kusafishwa tope na mwani, yanapotea kwa jua kali la huku, na bomba refu linategemea umeme kwenye kila kituo cha kusukuma. Mji uliofikiwa na bomba refu bado unahitaji visima vyake, hasa siku bomba likipasuka.

Kisima cha zamani kinafanyiwa nini? Hapa ndipo kazi hulipuliwa zaidi, pengine kwa kuwa hakuna anayekata utepe. Pampu inatolewa, mdomo unawekwa bamba la chuma au jiwe, basi. Baada ya misimu miwili mabomba ya kesingi, yale yanayozuia kuta za kisima zisiporomoke, yana kutu, jiwe limeondolewa, na maji ya mvua ya mtaa mzima yanaingia moja kwa moja mita 80 chini bila kuchujwa na udongo wowote. Kukifunga ipasavyo ni kutoa pampu na mabomba yake, kuteremsha bomba jembamba hadi chini kabisa, kisha kusukuma saruji na bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, kuanzia chini kwenda juu ili isiachwe nafasi. Ukimwaga saruji kutoka juu inashika njiani na kuacha pango.

Lakini si kila kisima kichafu kifungwe. Kisima kinachovutwa kinayaita maji yaliyokizunguka, machafu yakiwemo. Ukikizima ghafla, uchafu uliokuwa unaishia pale unaendelea na safari, na mara nyingi unafuata kisima kinachofuata kwenye mstari. Kwa hiyo wakati mwingine napendekeza kiendelee kusukuma kwa matumizi mengine: kumwagilia miti ya barabarani, kufyatulia matofali. Miti inapenda naitreti. Sharti ni bomba lake lisiungane kabisa na bomba la kunywa, hata kwa valvu iliyofungwa, maana valvu iliyofungwa leo itafunguliwa na fundi mwingine siku ya mgao.

Naitreti angalau tunaijua. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulilazimika kuzima visima vyake muhimu kwa sababu ya MTBE, kemikali iliyokuwa inachanganywa kwenye petroli na ikavuja kutoka kwenye matangi na mabomba ya mafuta yaliyofukiwa ardhini. Ulinunua maji kutoka nje kwa zaidi ya miaka 10 hadi mtambo wa kuyasafisha ulipokamilika. Hesabu sheli mpya unazopita kati ya Mtumba na mjini, kisha jiulize matangi yao yamekaa juu ya mpasuko gani.

Kama wewe ni diwani, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati ya maji na mnachimbiwa kisima, dai mambo haya kwenye mkataba. Jaribio la pampu liwe la saa 72 mfululizo, na kina kiendelee kupimwa pampu ikishazimwa. Kisima kinachorudisha maji polepole kina akiba ndogo, hata kama siku ya uzinduzi kilirusha maji hadi juu ya mti. Sampuli ya maji ichukuliwe mwisho wa jaribio, yakiwa yameanza kuja ya mbali. Wapime naitreti, floraidi, chumvi na vimelea. Floraidi isiachwe, hasa kwa wenzetu wa kuelekea Singida. Sampuli ya pili ichukuliwe mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaishia, kwa sababu ndipo uchafu wa juu unaposhuka, na ya tatu mwezi wa kumi. Chupa ikae kwenye baridi na ifike maabara ndani ya siku moja. Ikishinda kwenye buti ya gari juani, bakteria wanabadilisha naitreti njiani na karatasi itakayotoka itakuwa ya maji mengine.