Muvi ya gigabaiti 500 inaingiaje kwenye diski ya 50?

Kazi yangu ni kubana video na sauti ziingie kwenye diski, na swali ninaloulizwa kila mara ni kwanini tubane kabisa, si Blu-ray ina nafasi kubwa? Haya tupige hesabu. Fremu moja ya 1920 kwa 1080, hata ukishapunguza data ya rangi, inakula megabaiti 3 hivi, na muvi inapitisha fremu 24 kila sekunde, sasa zidisha kwa masaa mawili, unapita gigabaiti 530. Diski ya leya mbili inabeba 50. Na hata ingebeba zote, video ya Blu-ray hairuhusiwi kuzidi megabiti 40 kwa sekunde, wakati hiyo mbichi inataka karibu 600.

Kodeki, yaani mfumo wa kubana na kufungua video, kama H.264 inaokoa nafasi kwa kuweka fremu moja kamili, halafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Mtu kakaa anaongea, ukuta wa nyuma yake haugharimu karibu kitu. Ila ikija mvua au moshi, kila kitu kinahama kwa wakati mmoja, hapo biti zinaisha haraka sana.

Kinachonitesa zaidi ni giza. Kuna sini moja nilikaa nayo siku mbili nzima, ni ukuta tu na taa inafifia taratibu, na kila nikibana ule mwanga unakatika vipande vipande kama ngazi, maana biti 8 zinatoa hatua chache za weusi halafu kodeki nayo inaona tofauti ndogo hizo hazina maana inazifuta. Dawa ikawa kuinyima biti sini ya mchana na kuipa hii, na kurudisha kidogo zile chembechembe za filamu zinazoficha ngazi hizo. Ndo maana mtu akiniambia nisafishe chembe zote za filamu ili faili lipungue nakataa, uso wa mtu unageuka plastiki.

Diski nyingi za mwanzo, 2006, zilitumia MPEG-2, kodeki ya enzi za DVD, tena kwenye leya moja ya gigabaiti 25. Picha zake nyingi hazikuwa nzuri sana.

Kwenye sauti watu wanabishana bure. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio zinabana bila kupoteza kitu, ukizifungua unapata biti zile zile za PCM, yaani sauti mbichi isiyobanwa, kwahiyo PCM kuwa nzito haiifanyi iwe nzuri zaidi.

Magemu ni habari nyingine. Picha unayocheza inachorwa palepale na mashine, video ni zile sini za katikati tu, na mlio wa risasi lazima ufunguke papo hapo pamoja na milio mingine kibao. Halafu enzi za mashine zilizosoma gemu moja kwa moja kwenye diski, kama PS3, lenzi ilichelewa kuhama, kwahiyo waundaji waliweza kurudia faili lilelile sehemu kadhaa kwenye diski ili lisomwe haraka. Gigabaiti nyingine ulizoziona pale zilikuwa nakala tu.