Tamal na ndugu zake: safari ya mlo uliofungwa ndani ya jani

Mtu akisikia "chakula cha Kilatino", yaani cha watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, huwaza pilipili kali na chapati ya mahindi. Mwambie hivyo mama wa Puerto Rico, atakujibu kuwa hicho ni cha Wamexico. Kwake sufuria huanza na sofrito: vitunguu, vitunguu saumu, pilipili hoho na majani yenye harufu ya dhania, vyote vikapondwa pamoja, na ukali haumo. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwahesabu Walatino milioni 62.1. Watu wote hao hawawezi kuwa na jiko moja, kwa hiyo hapa tutafuata chakula kimoja tu: tamal, donge la mahindi lililotiwa kitoweo, likafungwa na kupikwa kwa mvuke.

Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, yakitokana na nyasi ya porini iitwayo teosinte. Wenyeji wakagundua jambo ambalo wataalamu wa lishe walikuja kulielewa karne nyingi baadaye. Punje huchemshwa na chokaa au majivu, zikalala usiku kucha, zikaoshwa maganda, ndipo zikasagwa juu ya jiwe. Mahindi yaliyopita hatua hiyo huitwa nixtamal. Chokaa huufanya unga ushikane, tena hufungua niasini, vitamini ambayo punje huifungia isifyonzwe mwilini. Wahispania walibeba mbegu, kanuni wakaiacha. Maskini wa kaskazini mwa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, walioishi karibu kwa mahindi matupu, wakaugua pelagra: ngozi kubabuka, kuharisha, akili kuvurugika. Dawa ilikuwa mikononi mwa wanawake waliopiga magoti mbele ya mawe ya kusagia, na hakuna aliyewauliza. (Sisi nasi tuliyapokea mahindi bila chokaa. Wanaokula makande washukuru maharage.)

Baada ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kuanguka mwaka 1521, nguruwe wa Wahispania waliingia jikoni, na mafuta yao yakaingia kwenye donge. Tamal laini inayosifiwa leo kuwa ya asili kabisa ina mkono wa mgeni ndani yake.

Hata jani lina historia. Sehemu nyingi za Mexico hufunga tamal kwa maganda ya mahindi, lakini Oaxaca na Yucatán hutumia sana jani la mgomba, na mgomba haukuwa mmea wa Amerika. Inaelezwa kwamba padri Tomás de Berlanga alileta miche kutoka visiwa vya Canary hadi kisiwa cha Hispaniola huko Karibiani mwaka 1516. Waafrika waliopelekwa Karibiani kwa minyororo waliijua ndizi vizuri, na wakaifanya chakula cha kila siku. Kwao pia zilikuja mbaazi, ambazo Puerto Rico huitwa gandules, jina linalohusishwa na neno la Kikongo, wandu. Huko ndugu wa tamal ni pastel: ndizi mbichi na aina ya magimbi hukunwa, hutiwa nyama ya nguruwe, hufungwa kwa jani la mgomba na uzi, kisha huchemshwa majini. Mahindi hayamo. Venezuela wana hallaca, yenye zeituni na zabibu kavu. Nacatamal ya Nikaragua ni kubwa kiasi kwamba moja hukushibisha.

Marekani milo hii ilifika kwa njia tofauti. Mkataba wa 1848, ulioihamishia Marekani ardhi kubwa ya Mexico, uliwafanya maelfu ya Wamexico walale Mexico na kuamka Marekani, wakiwa na mawe yao ya kusagia palepale. Wapuerto Rico walipewa uraia mwaka 1917. Wakuba wengi walikimbia baada ya mapinduzi ya 1959, na vita vya El Salvador vya 1980 hadi 1992 vikaipeleka pupusa, chapati nene ya mahindi yenye kitoweo ndani, mpaka Los Angeles na Washington.

Desemba ikifika, familia hukusanyika kwa tamalada, kazi ya pamoja ya kutengeneza tamal. Huyu anapaka donge, yule anatia nyama, mwingine anakunja, na umbea hauishi. Donge likielea kwenye glasi ya maji, limekandwa vya kutosha. Kipimo hicho watoto hukijua kabla ya kujua kusoma.

Ganda, hata hivyo, haliliwi. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford, akiwa San Antonio kutafuta kura, alipewa tamal mbele ya wapiga picha akaing'ata pamoja na ganda lake. Uchaguzi wa awali wa chama chake huko Texas alishindwa na Reagan. Novemba yake akashindwa na Carter, Texas ikiwamo, na wenyeji wa San Antonio mpaka leo wanakuambia sababu wanaijua.