Si kila kanisa kongwe ni "la Mjerumani"

Uliza habari za jengo lolote kongwe kuanzia Iringa hadi Tukuyu, utajibiwa kwa neno moja: Mjerumani. Boma, Mjerumani. Daraja, Mjerumani. Hata mwembe uliozeeka, kaupanda Mjerumani. Kwa maboma sina ubishi mkubwa. Kwa makanisa jibu hilo linapotosha, tena limezaa hadithi ambazo leo zinayaharibu majengo yenyewe.

"Hilo kanisa la zamani hapo Mbeya mjini ni la Mjerumani."

Miaka inakataa. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, imeshaanza kuvuta watu. Makao ya Mjerumani upande huu yalikuwa Tukuyu, enzi hizo ikiitwa Neu Langenburg, na aliyapoteza mwaka 1916.

Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa, hadithi imechanganyika zaidi. Misheni ilianzishwa na Wabenediktini, watawa Wakatoliki wa Kijerumani, mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati vita ya Mkwawa bado mbichi. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa. Kuanzia 1919 waliokuja kushika mahali pao ni Waitaliano, wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Turin mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, yule aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Kwa hiyo ukifika pale, kabla hujataja taifa, uliza kwanza mwaka.

Rungwe kweli walifika Wajerumani, mwaka 1891, wakipitia Ziwa Nyasa. Lakini hawakuwa serikali, na wala hawakuwa Walutheri kama wengi wanavyodhani. Ni Wamoravian, kanisa linalohesabu mwanzo wake mwaka 1457, miaka sitini kabla Luther hajatoa hoja zake. Walutheri wa Berlin walifika mwaka huohuo wakashika maeneo ya jirani. Vita vilipowaondoa wote, misheni zao zilitunzwa kwa miaka kadhaa na wamisionari wa Kiskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka ng'ambo ya ziwa.

Halafu kuna swali ambalo jibu la "Mjerumani" linalifunika kabisa: nani alifyatua matofali? Sogea kwenye ukuta ambao haujapigwa lipu. Tofali moja limeiva mpaka likawa jeusijeusi, kwa kuwa lilipangwa karibu na mdomo wa tanuru. Jirani yake ni la rangi ya chungwa, laini, moto haukulifikia vizuri. Udongo ni wa hapahapa bondeni, kuni za hapahapa, na mikono ni ya wenyeji waliofundishwa uashi na useremala misheni. Padri au mchungaji alichora na kusimamia. Wengi wa waliobeba hawana jina kwenye kibao chochote.

"Walichanganya mayai, ndiyo maana halibomoki."

Hii naisikia hata kwa mafundi wazoefu. Inasimuliwa pia Prague kuhusu daraja lao la karne ya 14, kwa hiyo si ya kwetu peke yetu. Kilichoshika kuta nyingi za misheni ni udongo wa kawaida au chokaa: mawe ya chokaa yanachomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, yanazimwa kwa maji, yanachanganywa na mchanga. Chokaa hukauka polepole kwa kunywa hewa ya ukaa, miaka kwa miaka. Saruji ilikuwa bidhaa ya kuagizwa nje. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1966 tu.

Uimara uko kwingine. Kuta ni nene, msingi ni wa mawe, paa limetokeza nje likauepusha ukuta na mvua. Na chokaa ni laini kuliko tofali: jengo likicheza kidogo, panapopasuka ni kwenye kiungo, tofali linabaki zima. Kiungo cha chokaa au udongo unaweza kukikwaruza kwa msumari kikatoa unga. Watu wakiuona unga huo wanadhani ukuta umeoza.

Ndipo kamati ya ujenzi inapoamua "kuimarisha" kwa lipu ya saruji, na mimi hapo huwa nashika kichwa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unyevu ukipanda kutoka chini na kukuta saruji nje, haupati pa kutokea. Unabaki ndani ya tofali, tofali linaanza kumeguka nyuma ya lipu, na nje kila kitu kinaonekana kipya. Miaka ikipita lipu inadondoka vipande vizima na uso wa tofali umeganda nayo. Anayetaka kutengeneza atumie chokaa, na aanze na mifereji ya maji.

"Madhabahu zote zinaelekea Yerusalemu."

Desturi ya kale ni mashariki, macheo ya jua, na haikufuatwa kila mahali. Hata Basilika ya Mtakatifu Petro Roma imeelekea kinyume. Yerusalemu kwa mtu wa Iringa iko karibu kaskazini kabisa. Huku kwetu milimani, mara nyingi aliyeamua ni mgongo wa kilima.

"Chini kuna dhahabu ya Mjerumani."

Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa kwa nguvu miaka ya 1920, Mjerumani ameshaondoka. Sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, takribani 16,000 tu, na haikuwa mali ya misheni. Ndani ya altare kongwe za Kikatoliki kweli huwekwa kitu: masalia ya watakatifu, vipande vidogo vya mfupa au nguo, ambavyo sonara hana haja navyo.

Wachimbaji wa usiku hawajali haya. Hufukua pembeni mwa ukuta, wanafika chini ya mawe ya msingi, hawakuti kitu, wanaondoka bila kufukia. Masika yakija maji yanajaa shimoni, udongo chini ya kona unalegea, na ufa unaanza kwenye dirisha lililo karibu.